Kabla chia haijaingia kwenye uji wa mtoto

Si zamani sana mbegu za chia zilikuwa bidhaa ya rafu za supamaketi, kwenye pakiti ndogo iliyotoka mbali na yenye bei ya kumfanya mtu airudishe alipoitoa. Leo zinapimwa kwa kikombe sokoni, pembeni ya ufuta, mbegu za maboga na hiliki. Zinalimwa Uganda, Kenya na hapa Tanzania, mkoa wa Kagera ukiwemo, na muuzaji wa genge anazijua kwa jina kama anavyozijua karanga.

Zimeingia pia kwenye simu. Katika makundi ya WhatsApp ya wazazi, tangazo la chia halikosi. Zinapunguza tumbo, zinashusha sukari, zinatibu vidonda vya tumbo, zinaongeza maziwa kwa mama anayenyonyesha, zinamfanya mtoto awe na akili darasani. Mbegu moja, kazi tano, na namba ya kuagizia ipo hapo chini.

Katikati ya makelele hayo mzazi ana maswali ya kawaida tu. Aziweke kwenye chakula gani? Kiasi gani? Na mtoto wa miaka miwili naye apewe, au asubiri akue?

Jibu fupi ni kwamba chia ni chakula kizuri kikiwa kimelowekwa, kikiwa kidogo, na kikiwa nyongeza juu ya mlo ambao tayari umekamilika. Familia nyingi zinazopata shida na mbegu hizi zimekosea moja kati ya hayo matatu. Na la tatu, la kuzifanya nyongeza badala ya mlo, ndilo linalosahaulika zaidi na ndilo lenye gharama kubwa kwa mtoto.

Mmea wenyewe ni ndugu wa kivumbasi na mrehani. Jina lake la kisayansi, Salvia hispanica, lina kichekesho ndani yake, maana neno la pili linauhusisha na Hispania, ilhali asili yake ni Mexico na Guatemala na Wahispania waliukuta huko. Waazteki waliula pamoja na mahindi na maharage, na wakaupokea kama kodi kutoka kwa miji waliyoitawala. Kwa hiyo si dawa mpya iliyogunduliwa maabara. Ni chakula cha watu, tena chakula cha zamani.

Undugu huo na mrehani huwachanganya wanunuzi. Mbegu za mrehani, zile ambazo watengenezaji wa faluda wanaziita tukmaria, nazo huvimba kwenye maji na kutoa ute. Tofauti inaonekana zikiwa kavu kiganjani. Tukmaria ni nyeusi tii zote, wakati chia zina madoadoa ya kijivu, nyeusi na nyeupe kama yai la kwale. Zipo pia chia nyeupe, na anayeuza nyeupe kwa bei ya juu akidai zina nguvu zaidi anauza rangi tu. Kama pakiti imejaa mbegu za kahawia zilizosinyaa, hizo zilivunwa kabla ya kukomaa.

Maji kwanza

Kila kitu kuhusu chia, uzuri wake na hatari yake, kinatokana na ganda la mbegu. Likikutana na maji huyavuta na kujizungushia ute mzito, kiasi kwamba mbegu zinaweza kubeba maji mara 10 au zaidi ya uzito wake. Kijiko kimoja cha chakula, ambacho ni kama gramu 12, kinageuza nusu kikombe cha maji kuwa kitu kinachofanana na uji wa kuvutika.

Ute huo ukitengenezwa kwenye bakuli, hakuna tatizo. Ukitengenezwa kooni, ni habari nyingine.

Mwaka 2014, katika mkutano wa madaktari wa mfumo wa chakula uliofanyika Philadelphia, Marekani, Dk Rebecca Rawl alieleza kisa cha mwanamume wa miaka 39 aliyemeza kijiko cha chakula cha chia kavu, kisha akanywa glasi ya maji. Mtu huyo alikuwa na historia ya chakula kukwama kooni mara kwa mara. Mbegu zilivimbia ndani ya umio, ile njia inayopeleka chakula tumboni, zikawa bonge laini lililoziba njia yote. Alikaa saa kadhaa na maumivu, hawezi kumeza kitu, hadi madaktari walipoingiza mrija wenye kamera na kulisukuma bonge hilo kidogo kidogo kuelekea tumboni.

Ni kisa kimoja, na watu wengi hula chia kila siku bila kufika huko. Lakini kinaonyesha wazi jinsi jambo lenyewe linavyotokea, na kinahusu mtindo ambao umeenea sana: kijiko cha mbegu kavu mdomoni asubuhi, maji juu yake, “kwa ajili ya kupunguza tumbo.” Kama mtu mzima mwenye umio wa ukubwa kamili anaweza kuzibwa, mtoto anayeiga anachofanya mama jikoni yuko katika hatari kubwa zaidi. Umio wake ni mwembamba, hajui kueleza kwamba kitu kimekwama, na mbegu kavu ndogo kama hizo ni rahisi kumpalia zikaelekea njia ya hewa.

Kwa sababu hiyo chupa ya chia kavu inastahili kukaa mahali inapokaa chupa ya dawa, juu, mbali na mkono wa mtoto. Wazazi wengi huiweka mezani pamoja na sukari, kwa kuwa inaonekana kama kiungo tu.

Kuloweka si kazi ya kitaalamu. Kijiko kimoja cha chakula cha mbegu huwekwa kwenye nusu kikombe cha maji au maziwa, kinakorogwa, kinaachwa dakika tano, kisha kinakorogwa tena. Kukoroga kwa mara ya pili ndiko watu wanakoruka, na matokeo yake ni mabonge ambayo nje ni laini na ndani bado ni makavu. Baada ya hapo ziachwe angalau dakika 20 nyingine. Zikiwa tayari, ukizikamua kati ya vidole hakuna punje inayosikika kuwa ngumu kama mchanga.

Kilichomo kwenye kijiko

Sehemu hii ndiyo inayopotoshwa zaidi na matangazo, kwa sababu yanapenda kutaja virutubisho vya gramu 100 za chia. Hakuna anayekula gramu 100. Anayekula anakula kijiko, na kijiko kimoja cha chakula kina takriban gramu 4 za nyuzinyuzi, gramu 2 za protini, miligramu 75 za kalsiamu, na miligramu moja hivi ya madini chuma. Nguvu yake ni kama kilokalori 58.

Gramu 4 za nyuzinyuzi si haba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye chakula cha asili, mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 15, na wa miaka 6 hadi 9 apate gramu 21. Kwa familia inayoishi kwa mkate mweupe, wali mweupe na ugali wa sembe, kijiko cha chia ni msaada wa kweli. Anayesumbuliwa na choo kigumu anaweza kuona tofauti ndani ya siku chache, kwa kuwa ule ute unabaki na maji hadi kwenye utumbo mpana na kulainisha choo.

Lakini linganisha na sufuria iliyoko jikoni tayari. Nusu kikombe cha maharage yaliyochemshwa kina takriban gramu 6 za nyuzinyuzi, gramu 7 za protini na miligramu 2 za madini chuma. Yaani maharage ya chakula cha mchana, yale ambayo mtoto ameyachoka, yanakipita kijiko cha chia katika mambo yote matatu. Yai moja lina gramu 6 za protini, sawa na vijiko vitatu vya chia. Ili kupata kalsiamu iliyoko kwenye kikombe kimoja cha maziwa, mtu atahitaji karibu vijiko vinne.

Ufuta nao una haki ya kulalamika. Kwa uzito uleule, ufuta ambao haujakobolewa una madini chuma mengi kuliko chia, na kalsiamu nyingi zaidi, ingawa sehemu ya kalsiamu hiyo hufungwa na kemikali za kwenye ganda na mwili hauifikii yote. Umelimwa Lindi na Mtwara miaka mingi, bibi zetu walitengeneza kashata zake, lakini hakuna aliyewahi kuuita chakula cha ajabu kwenye tangazo. Chia inaushinda ufuta kwa nyuzinyuzi, na kwa jambo jingine moja, aina ya mafuta.

Mafuta ya chia kwa sehemu kubwa ni ya jamii ya omega-3, na hapa ndipo madai ya “akili ya mtoto” yanapochukuliwa. Ni kweli ubongo wa mtoto unahitaji omega-3. Ila omega-3 ya kwenye mbegu si ileile iliyoko kwenye samaki. Ile ya mbegu ni malighafi ambayo mwili lazima uibadilishe kwanza, na binadamu ni fundi mvivu katika kazi hiyo. Ni sehemu ndogo sana inayogeuka kuwa aina ambayo ubongo unaitumia. Samaki huileta ikiwa tayari. Kwa hiyo nyumba ambayo imeacha kununua dagaa ili ipate hela ya chia kwa ajili ya ubongo wa mtoto imefanya biashara ya hasara, tena hasara mara mbili, kwa sababu dagaa anayeliwa na mifupa yake alikuwa analeta kalsiamu na protini pia.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kinachowakosesha watoto wengi urefu wao ni uji wa maji na unga mtupu, ugali wenye mchuzi bila kitoweo, yai linalouzwa badala ya kuliwa, pamoja na maradhi ya kuhara yanayorudi rudi. Mbegu haina dawa ya hayo. Zaidi ya hapo, tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na chia iliyolowekwa ni kitu kinachoshibisha. Sifa hiyohiyo inayompendeza mtu mzima anayetaka kupungua ndiyo isiyofaa kwa mtoto anayehitaji kuongezeka. Akishiba ute, anaacha nusu ya bakuli lenye maziwa na karanga.

Kwa hiyo mtoto aanze lini? Kabla ya miezi sita hakuna mjadala, ni maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo hadi karibu mwaka wa pili, nafasi ndogo iliyopo tumboni ina wenye haki zaidi: yai, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, parachichi, maziwa, mboga za majani. Chia anaweza kuikosa kabisa na asipungukiwe chochote. Kwa mtoto mkubwa kidogo anayekula vizuri, nusu hadi kijiko kimoja cha chai, iliyolowekwa hadi ikalainika kabisa na kuchanganywa kwenye uji au mtindi, inatosha. Mtoto ambaye hakui vizuri, au anayerudi kliniki uzito wake ukiwa uleule wa mwezi uliopita, hahitaji mbegu. Anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya.

Kuhusu mama anayenyonyesha, chia haina uwezo wa pekee wa kuongeza maziwa. Maziwa huongezeka mtoto anaponyonya mara nyingi na kwa kushika titi vizuri, na mama anapokula na kunywa vya kutosha. Akipenda kuweka chia kwenye uji wake, ni sawa, hasa kama ana shida ya choo baada ya kujifungua, mradi anywe maji.

Inapoingia vizuri

Mlo wa kwanza wa kuufikiria ni uji. Chia iliyolowekwa huongezwa baada ya kuepua, uji ukiwa umeanza kupoa. Ikiingizwa kwenye sufuria ikichemka, inaendelea kuvuta maji na baada ya nusu saa uji umekuwa ugali laini. Uji wa ulezi au wa dona unaukubali zaidi kuliko wa sembe, kwa kuwa una rangi na ladha ya kuzificha zile punje. Watoto wengi hawakatai ladha ya chia, kwa sababu haina ladha yenyewe. Wanachokataa ni ule utelezi na vidoa vyeusi. Kwa mtoto wa namna hiyo, mbegu husagwa kwanza, kisha unga wake ukalowekwa.

Kusaga kuna faida nyingine. Mbegu nzima isiyotafunwa inaweza kupita mwilini na kutoka kama ilivyoingia, na mafuta yake hayajaguswa. Ikisagwa, mwili unayafikia. Ila unga wa chia haudumu, kwani mafuta yake yakikutana na hewa huanza kuchacha na kutoa harufu kama ya rangi ya mafuta. Unasagwa wa siku chache tu na kuwekwa kwenye chombo kilichofungwa, kwenye friji kama ipo.

Hiyo ndiyo sababu kuweka chia kwenye unga wa lishe unaosagwa wa miezi miwili si wazo zuri. Unga huo tayari una matatizo yake. Akina mama hupewa orodha ya vitu kumi na mbili vya kuchanganya, mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, na sasa chia, wakiamini kwamba kila kinachoongezwa kinaongeza afya. Kikiharibika kimoja, vyote vimeharibika, na mtoto akipata mzio hakuna atakayejua ni kwa sababu ya nini. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huleta sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuchemsha. Uji wa nafaka moja au mbili, ukaongezwa maziwa, karanga safi zilizosagwa au yai wakati wa kupika, unamshinda huo wa vitu kumi na mbili.

Mtindi ni mahali pengine pazuri, labda pazuri kuliko pote kwa mtoto wa shule. Kijiko cha chai cha chia kinakorogwa ndani ya kikombe cha mtindi usiku, kinalala kwenye friji, na asubuhi ni kitu kizito kinacholiwa kwa kijiko pamoja na ndizi au embe. Asiye na friji aloweke kwa maji yaliyochemshwa na kupoa asubuhi ile ile, kisha achanganye. Juisi nzito ya parachichi inaikubali pia. Juisi ya ukwaju haiipendezeshi sana, lakini hilo ni suala la mdomo wa mtu.

Kwenye chapati, vijiko viwili vya chia iliyosagwa kwa kilo moja ya unga haviharibu kitu, ilimradi maji ya kukandia yaongezwe kidogo na donge lipumzike kabla ya kukatwa. Chapati zikitumia unga wa ngano usiokobolewa, hata hivyo, nyuzinyuzi tayari zimo. Kwa chapati za maji, siku ambayo mayai yameisha, kijiko kimoja cha unga wa chia kilichokorogwa na vijiko vitatu vya maji hushika donge kama yai linavyoshika. Hushika tu. Protini ya yai haipo hapo.

Juu ya wali au kwenye maharage hakuna haja ya kuiweka. Inafanya mchuzi uteleze kama bamia na haiongezi ladha, na kama maharage yapo mezani, kazi ya chia imeshafanywa.

Mtu mzima anayeanza aanze na kijiko cha chai kwa siku, wiki ya kwanza, kisha apande hadi kijiko kimoja cha chakula. Umoja wa Ulaya, ulipoidhinisha mbegu hizi kuuzwa zikiwa kwenye pakiti mwaka 2013, ulitaka lebo imwambie mlaji asizidishe gramu 15 kwa siku, yaani kijiko kimoja na kidogo juu. Anayeruka moja kwa moja hadi vijiko vinne hupata gesi, tumbo kujaa, na wakati mwingine choo kufunga kabisa, hasa kama hanywi maji. Halafu anasema chia imemkataa.

Baba mwenye presha, mama anayetaka kupungua

Chia ikishaingia nyumbani kwa ajili ya mtoto, haikawii kufika kwa watu wazima wenye maradhi. Tafiti zipo, ingawa ni ndogo. Mwaka 2007 jarida la Diabetes Care lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watu 20 wenye kisukari aina ya pili, waliokula karibu gramu 37 za aina fulani ya chia kila siku kwa wiki 12. Namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa wastani wa takriban 6. Ni matokeo mazuri. Lakini watu hao waliendelea na matibabu yao ya kawaida muda wote, jambo ambalo tangazo la WhatsApp halilisemi kamwe. Mgonjwa anayeacha vidonge vyake akaamini mbegu anafanya kitu ambacho utafiti huo haukukijaribu.

Kuhusu kupungua uzito, habari haifurahishi wauzaji. Utafiti uliofanyika North Carolina, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2009 uliwapa watu wazima wenye uzito uliozidi gramu 50 za chia kwa siku kwa wiki 12. Mwisho wa kipindi uzito wao haukuwa tofauti na wa wale ambao hawakupewa. Na hilo linaeleweka, kwa sababu chia ni mbegu ya mafuta. Anayeiongeza kwenye chai ya maziwa, chapati mbili na maandazi ameongeza tu.

Anayetumia dawa za presha, za kisukari, au za kuzuia damu kuganda kama warfarini azungumze na daktari au mfamasia wake kabla ya kuifanya chia kuwa ya kila siku, kwani athari zinaweza kujumlishana na dawa. Si vyema pia kumeza vidonge pamoja na bakuli la chia, kwani ute unaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini. Mwenye shida ya kumeza, kama mzee aliyewahi kupata kiharusi, asipewe mbegu kavu hata kwa utani. Na mwenye mzio wa ufuta aionje kidogo sana kwanza, au asiionje, kwa kuwa miili ya baadhi ya watu huzichanganya mbegu hizi mbili.

Upungufu wa damu ni jambo jingine linalotajwa. Madini chuma ya chia ni ya mimea na hunyonywa kidogo, tena mbegu yenyewe ina viambata vinavyoyashikilia. Chungwa au embe kwenye mlo uleule husaidia. Chai ya rangi pamoja na mlo hurudisha nyuma. Lakini mtoto au mjamzito ambaye kipimo cha damu kimeonyesha upungufu anahitaji dawa aliyoandikiwa hospitali.

Kwenye kununua, robo kilo inatosha familia ya kawaida kwa wiki kadhaa, na kiasi kidogo ni salama zaidi kuliko gunia la kushirikiana. Za kupimwa sokoni mara nyingi huwa na mchanga na vijiti, na haziwezi kuoshwa kama mchele, maana zikigusa maji tu zimeanza kazi. Huchekechwa kwa chujio la chai zikiwa kavu, kisha humwagwa kwenye sinia jeupe na kupembuliwa kwa macho. Zikitoa harufu ya uchachu au ya mafuta ya zamani, zirudishwe dukani. Zilizo safi hukaa kwenye chupa yenye mfuniko, mahali pakavu, kwa miezi mingi. Zilizokwisha kulowekwa kwa maji safi hukaa kwenye friji siku nne au tano, lakini zilizolowekwa kwa maziwa zisivuke siku mbili. Pasipo na friji, kinacholowekwa asubuhi kiliwe asubuhi hiyohiyo.